Sura ya Tano: Ujumbe Uliokwama Ofisini

Sajenti Philomena Nyangi aliingia ofisi ya Ushirika wa Wafugaji Mapambazuko, pale Mugumu, Ijumaa saa nne kasorobo asubuhi. Kwapani alikuwa na bahasha ya kaki, nyuma yake alikuwa na fundi simu. Ndani ya bahasha kulikuwa na simu ya Steven Matiko, katibu wa ushirika huo, ambaye mwenyewe alikuwa lokapu tangu Jumatano. Fundi aliitwa Faridu. Alikuwa na kibanda karibu na stendi, na mdomo wake ulikuwa unafanya kazi kuliko bisibisi yake.

"Sajenti, nikwambie mapema. Saa sita na nusu mimi niko msikitini. Leo Ijumaa."

"Na mimi saa kumi niko Nyambureti," alisema Philomena. "Kaa chini, sote tuwahi."

Hiyo saa kumi ya Nyambureti haikuwa ya kunywa uji. Ritongo, baraza la kijiji, lilikuwa linakaa kumzungumzia Steven. Baraza likishasema fulani ni mwizi wa ng'ombe, anatengwa yeye na nyumba yake. Hapewi moto, hachoti maji na wenzake, hasalimiwi, na akifiwa anachimba kaburi peke yake. Steven alikuwa na mama yake, Boke, mwenye miaka sabini na goti bovu. Mahakama ikikufunga unakata rufaa. Majirani wakikufunga, rufaa unampelekea nani?

Kesi yenyewe, kwa jinsi ilivyokaa kwenye jalada, ilikuwa imenyooka kama rula. Jumanne usiku waliibwa ng'ombe saba wa mjane mmoja wa Nyambureti. Alfajiri ya Jumatano sungusungu waliwakimbiza wezi mpaka mtoni. Wezi wakavuka na ng'ombe, wakaangusha simu. Kwenye simu hiyo kulikuwa na ujumbe uliotoka namba ya Steven, umeingia Jumanne saa nne na dakika ishirini asubuhi: *Leo usiku sungusungu wote wako Kisaka. Pitieni Nyambureti.* Saa sita mchana Steven akatiwa pingu kwao Nyambureti, kijiji kizima kinatazama, simu yake ikazimwa, ikaingia kwenye bahasha.

Steven alisema hajaandika kitu. Jumanne alitoka saa moja asubuhi na pikipiki kwenda kikao cha wafugaji upande wa Ikoma, bondeni, mahali ambapo mtandao haufiki. Simu ilikuwa kwenye begi. Na kweli, simu yake ilipopekuliwa ujumbe huo haukuwemo. Mkuu wa kituo akacheka. "Amefuta. Wewe ungeuacha?"

Kilichommaliza Steven kilikuwa karatasi. Alhamisi alikuja mtaalamu kutoka Musoma, akakaa mbele ya kompyuta ya ushirika, akatoa orodha ya ujumbe wote uliotumwa kupitia hapo. Maana Steven alikuwa ameiunganisha simu yake na kompyuta ya ofisi, awaandikie wafugaji mia mbili habari za chanjo kwa kibodi badala ya kuumiza kidole gumba. Mtu akiandika kwenye kompyuta, ujumbe unapitia kwenye simu, popote simu ilipo. Simu ikikosa mtandao, ujumbe unasubiri mpaka upatikane. Na ukiufuta kwenye kompyuta, unafutika na kwenye simu. Sasa ile orodha ilionyesha ujumbe mmoja kwenda namba ya mwizi, umefutwa baadaye, lakini saa ya kuandikwa imebaki: Jumanne, 02:40.

"Saa nane na dakika arobaini usiku," alisema mkuu wa kituo. "Ofisi imefungwa. Ufunguo anao nani? Katibu. Ameandika usiku simu ameizima, asubuhi amepanda pikipiki, amefika kilimani ameiwasha, mtandao umeshika, ujumbe umetoka. Na yeye huyo, anajidai yuko Ikoma. Ana akili sana huyu kijana. Ndiyo maana tutamfunga."

Kizuizi kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimekaa kwenye stuli mlangoni mwa ofisi kikitafuna muwa. Mzee Selestine, mlinzi.

"Shikamoo mzee," Philomena alimsalimia.

"Marahaba. Umekuja kuniambia tena kwamba nililala?"

"Nimekuja kuuliza tena kama ulilala."

"Mwanangu, mimi nina kibofu cha miaka sitini na tisa. Nalala saa ngapi? Usiku ule nilitoka mara tano. Hakuingia mtu. Hakuingia hata paka, na paka wa hapa hawana adabu."

Philomena aliandika *mara tano* kwenye daftari lake. Mkuu wa kituo alikuwa ameandika *mlinzi mwongo*. Mmoja wao alikuwa anapoteza wino.

Ndani, kwenye meza ya kwanza, alikaa Mama Bernadetha, mhazili wa ushirika tangu enzi za taipureta. Miwani ilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Kompyuta ilikuwa mbele yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na huyu mura, huyu kijana mwembamba, ni nani?"

"Faridu, mama, fundi."

"Mbona hana nyama? Anakula bisibisi?"

Faridu alicheka, akafunua kitambaa, akawasha. Philomena alifungua bahasha mbele ya Bernadetha, akamsainisha fomu kwamba kielelezo kimefunguliwa mbele yake, akaiwasha simu ya Steven na kuiweka mezani. Programu ya ujumbe ilifunguka kwenye kioo cha kompyuta, lakini haikuonyesha ujumbe hata mmoja. Ilionyesha picha ya simu imechorwa mstari juu yake, na neno: *Haijaunganishwa*.

"Hivi ndivyo ilivyo tangu Alhamisi alfajiri," alisema Philomena. "Yule wa Musoma aliambulia orodha ya zilizotumwa tu. Nataka kuona ndani. Lakini kitu kisifutike, Faridu. Ukifuta hata nukta, tunakaa wote na Steven."

Faridu alianza kazi. Aliangalia kama intaneti ipo, ipo. Aliangalia kama simu imekataza programu isifanye kazi chinichini ili kutunza chaji, haikukataza. Aliangalia ruhusa za ujumbe; zipo. Alizima kompyuta, akaiwasha. Ile picha ikarudi na mstari wake, kama mgeni asiyejua kuaga.

Mlango ulifunguka, akaingia Godwin, mganga wa mifugo wa ushirika, ana kibebeo cha chanjo begani na saa kubwa ya chuma mkononi. Wafugaji walimwita Daktari. Yeye ndiye aliyesaini vyeti vya afya vya ng'ombe wanaosafirishwa kwenda mnadani.

"Bado mnahangaika na dude hilo?" aliuliza. "Fundi, ondoa programu yote, weka upya. Dakika tano tu. Mimi nimewahi kuona inafanywa."

"Nikiondoa, vilivyomo vinapotea, Daktari," alisema Faridu.

"Kuna nini cha maana humo? Habari za kuogesha ng'ombe."

"Asante kwa ushauri," alisema Philomena. "Usiende mbali, nitakuhitaji."

Godwin alipita kwenda chumba cha nyuma kupanga chanjo kwenye jokofu. Philomena aliandika: *G. anataka ifutwe.* Kisha akaweka alama ya kuuliza. Watu wengi hupenda kufuta kitu wasichokielewa. Nusu ya mafundi wa mjini wanaishi kwa hilo.

Faridu aliinamia kioo, pua karibu kugusa. Kidole chake kilisimama kwenye pembe ya chini ya kioo.

"Sajenti, saa ngapi sasa?"

Philomena alitazama mkononi. "Kumi na dakika tano. Saa nne na dakika tano, kwa maana hiyo."

"Kompyuta inasema 04:05."

Wote wawili waligeuka kumtazama Mama Bernadetha. Alikuwa anasafisha miwani kwa pindo la kitenge, polepole, kama mtu mwenye nafasi.

"Mama, hii saa nani kaigusa?"

"Hakuna aliyeigusa. Nimeirekebisha."

"Lini?"

"Wiki ya tatu hii. Ilikuwa mbovu. Mfugaji anakuja hapa saa mbili na nusu, namchapia kibali, karatasi inatoka imeandikwa 08:30. Mzee mmoja wa Kisaka akakataa kuweka dole gumba. Akaniambia, 'Mama, mimi nimekuja saa mbili, hapa mmeandika saa nane. Kesho mtaniandikia ng'ombe mmoja badala ya sita.' Nikaona ana haki. Nikairudisha saa nyuma mpaka ikasema kweli. Tangu hapo hakuna mzee aliyelalamika. Na ninyi mnaosema 08:30 ni saa mbili, nani aliyewafundisha hesabu?"

Faridu alishika kichwa. "Ndiyo inayokataa! Hii programu kila baada ya muda inaomba simu na kompyuta zitambuane upya. Ikikuta saa zinapishana, inaona kama kuna tapeli, inafunga mlango. Alhamisi ndiyo ilikuwa zamu ya kutambuana." Aliupeleka mkono kwenye kipanya. "Nairekebisha sasa hivi."

"Ondoa mkono," alisema Philomena.

Alichukua simu yake ya kazi. Akapiga picha ya saa ya kompyuta na saa yake ya mkononi zikiwa pamoja. Akapiga ya pili. Akaandika maelezo ya Bernadetha, akamsomea, akamsainisha. Ndipo akaitoa ile karatasi ya mtaalamu wa Musoma na kuilaza mezani.

Jumanne, 02:40.

Kama kompyuta hii ilikuwa inahesabu kama wazee wa Kisaka, basi 02:40 haikuwa usiku. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini asubuhi, jua limewaka, ofisi wazi, na Steven yuko bondeni Ikoma na simu isiyo na mtandao kwenye begi. Ujumbe uliandikwa hapa, ukakaa unasubiri, na kijana alipopanda kilima saa nne na dakika ishirini, begi lake likautuma bila yeye kujua.

Hakuna paka aliyeingia usiku. Mzee Selestine na kibofu chake walikuwa wamesema kweli.

"Mama, nipe daftari la mahudhurio."

Daftari la Bernadetha lilikuwa limeandikwa kwa saa hizohizo za wazee. Jumanne: *Steven saa 1:00, Ikoma. Bernadetha saa 1:30. Dkt. Godwin saa 2:20, kutoka saa 3:10, kurudi saa 9:00.*

"Saa mbili na dakika arobaini mlikuwa wawili humu."

"Wawili," alisema Bernadetha. "Na kabla hujauliza, kompyuta tunatumia wote. Kwa hiyo andika jina langu. Usinipendelee kwa ajili ya mvi."

Philomena aliliandika. Hakuwa na kawaida ya kupendelea mvi.

"Faridu, sasa rekebisha."

Faridu alibonyeza, saa ikaruka kutoka nne kwenda kumi. Ile picha yenye mstari ilitetemeka, ikazunguka, ikaondoka. Ujumbe ukaanza kumiminika: chanjo, josho, mkutano, pole kwa msiba, chanjo tena. Chini kabisa kulikuwa na mmoja umesimama peke yake kwa rangi ya kijivu. Unakwenda namba ya mwizi. *Msipite darajani kuna askari. Wafikisheni mnadani Sirari kesho, vyeti ninavyo.* Pembeni: *Jumatano, 08:10. Unasubiri simu.*

Philomena aliinua kamera, akaupiga picha. Alipopiga ya pili, maneno ya pembeni yalikuwa yamebadilika: *Umetumwa.*

"Umeondoka!" Faridu alipiga kelele. "Sajenti, sijagusa! Simu imepata mtandao, umeondoka wenyewe!"

"Nimeona. Hii 08:10 itabadilika kwa kuwa saa umeirekebisha?"

"Hapana. Kompyuta iliandika saa iliyokuwa nayo siku ile. Inabaki hivyo."

"Vizuri. Sasa wote wawili, mdomo mfunge. Mama, hasa wewe."

"Mimi tena?" alisema Bernadetha, akavaa miwani.

Philomena alimwita Godwin. Alikuja anapangusa mikono, akasimama nyuma ya kiti cha Faridu, akasoma kioo. Alisoma mara moja, kisha macho yakarudi pembeni, kwenye saa. Mabega yake, yaliyokuwa yamepanda, yakashuka.

"Unauonaje, Daktari?"

"Nasikitika," alisema Godwin. "Nilikuwa bado namtetea. Jumatano, 08:10. Saa mbili asubuhi. Steven mlimkamata saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Basi. Alikuwa bado yuko huru."

"Kwa hiyo uliandikwa asubuhi."

"Si unaona mwenyewe? Kompyuta haisemi uongo."

"Wewe asubuhi hiyo ulikuwa wapi? Naandika tu, utaratibu."

"Josho la Kisaka, tangu saa kumi na mbili. Watu arobaini walikuwepo. Waulize."

"Nitawauliza. Na mchana?"

"Mchana nilirudi hapa. Mama alikwenda msibani, akaniachia ufunguo. Daftari lipo, nimesaini."

Philomena alifunua ukurasa wa Jumatano. *Bernadetha katoka saa 7:15, msiba. Ufunguo kwa Dkt. Godwin.* Chini yake saini yake, imejaa mikia.

"Ulikuwa na nani humu, tuseme kwenye saa nane mchana?"

"Peke yangu. Nilichapa ripoti ya chanjo mpaka saa tisa."

"Kwenye kompyuta hii?"

"Tuna nyingine?"

Philomena aliandika mpaka mwisho, akamsomea maelezo neno kwa neno, akampa kalamu. Godwin alisaini bila kusita. Alikuwa mtu aliyezoea kusaini vyeti.

"Mama," alisema Philomena, "sasa mwambie Daktari ulivyoirekebisha saa."

Bernadetha alimwambia. Alianza na mzee wa Kisaka na dole gumba lake, hakuruka hata nukta, na alipofika kwenye saa mbili kuwa saa mbili na saa nane kuwa saa nane, alionyesha kwa vidole. Godwin alitazama saa yake kubwa ya chuma. Halafu akatazama maelezo aliyokwisha kusaini, kama mtu anayesoma lugha ya kigeni.

"Jumatano saa nane na dakika kumi mchana," alisema Philomena, "Steven alikuwa lokapu, habari hujazipata, na simu yake imezimwa ndani ya bahasha hii. Mama yuko msibani. Wewe ulikuwa hapa peke yako na kompyuta hii. Umesema mwenyewe."

"Nilidhani unauliza asubuhi."

"Niliuliza yote mawili."

Simu ya Philomena ililia. Alikuwa mkuu wa kituo, na sauti yake haikuhitaji spika.

"Philomena! Hii simu ya mwizi iko mezani kwangu kwenye chaji, nakuta imeingia ujumbe leo hii! Steven kaandika! Nimekwenda lokapu mwenyewe kumwangalia, amekaa hana hata kalamu! Anaandika na nini huyu mtu?"

"Haandiki yeye, Afande. Naja naye anayeandika."

Godwin hakukimbia. Angekimbilia wapi, mlangoni alikuwepo mzee Selestine na muwa uliobaki nusu, na siku hiyo alikuwa na hamu sana ya kuonekana yuko macho. Faridu alifunga begi, akauliza malipo yake atasaini wapi, akaambiwa kituoni, akasema kumbe afadhali aende kwanza kuswali.

Mpaka Godwin aandikishe maelezo mapya na kutaja boma ambako ng'ombe walikuwa wamefichwa, ilikuwa imefika saa tisa kasoro. Mkuu wa kituo alisaini hati ya kumwachia Steven, akaisoma tena, akatafuta kosa la kuandika, akakosa.

Steven alitolewa nje. Alikuwa kijana mrefu, mkanda hana, kamba za viatu hana, suruali ameishika kwa mkono.

"Uko huru," Philomena alimwambia. "Twende, Land Cruiser inasubiri. Ritongo ni saa kumi."

Steven hakusogea. "Nitafikaje?"

"Kwa gari, nimekwambia."

"Nikishuka kwenye gari la polisi mikono mitupu, watasema nini? Watasema nimehonga. Watasema polisi wamekula. Nyambureti hawasomi hati, Sajenti. Wanaangalia." Alikunja suruali kiunoni, akanyoosha mikono. "Waliniona ninafungwa. Nifunge tena."

Mkuu wa kituo alifungua mdomo. Philomena alishatoa pingu kiunoni.

Walifika saa kumi na dakika saba. Watu walikuwa wamekaa kwenye uwanja wa ng'ombe, wanaume mbele, wanawake pembeni, na mbali nao wote, peke yake juu ya jiwe, mama yake Steven, na mguu wenye goti bovu umenyooshwa. Ndoo yake ya maji ilikuwa kando yake, imepinduliwa. Msemaji wa baraza alikuwa ameshasimama. Alipoona gari alinyamaza, na Steven aliposhuka na pingu mikononi manung'uniko yalipita kwa watu kama upepo kwenye mtama.

Philomena alimtembeza katikati kabisa. Alisema kwa sauti jina la aliyekamatwa na boma walikokwenda askari kuwachukua wale ng'ombe saba. Hakusema habari za kompyuta. Hiyo ingehitaji siku nzima na Mama Bernadetha. Akatoa ufunguo. Akafungua mkono wa kushoto. Akangoja kidogo, waliokaa nyuma wanyooshe shingo. Kisha akafungua wa kulia, na pingu akaziinua juu, zikiwa tupu, akazungusha mkono pande zote ili kila mtu azione.